Kibiti Si Uwanja wa Mbio: Neno kwa Wapenzi wa Ndinga Kali

Wanachuo wenzangu, niweke msimamo wangu wazi mapema ili nisije nikasomwa vibaya. Mimi napenda magari. Nikisikia Subaru inakoroma nje ya bweni, usiku wa manane hata kama kesho kuna mtihani, nachungulia dirishani. Nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu, na Jumamosi zangu nyingi zimeishia gereji za Ilala, nimeinama kwenye boneti za watu. Kwa hiyo usitafute humu mahubiri ya mtu mwenye wivu na ndinga za wenzake. Ila kwetu ni Kibiti. Na ndipo mapenzi yangu ya magari na mapenzi ya kwetu yanapogongana.

Mtindo umeingia chuoni, sote tunaujua. Wikiendi ndefu ikifika, wenzetu wenye uwezo wanapanga msafara wa kusini. Subaru mbili tatu, Crown Athlete, Mark X iliyoshushwa mpaka inakaribia kulamba lami, Altezza yenye ekzosi ya kuamsha mtaa. Wanatoka Mbagala alfajiri. Kongowe, Vikindu na Mkuranga foleni inawabana. Wakishapita Kimanzichana barabara inafunguka, na hapo ndipo watu wanakanyaga mafuta: Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti, Ikwiriri, hadi Daraja la Mkapa. Darajani wanapiga picha, wanarudi. Jioni stetasi zimejaa video ya dashibodi, mshale umelala kwenye 180, na maneno chini yake: "Kusini kumenyooka."

Ni kweli kumenyooka. Wazee wetu wanakumbuka enzi za kivuko cha Ndundu, ambapo safari ya Lindi na Mtwara ilikuwa ni adhabu na msimu wa mvua watu walilala njiani. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa karibu kilomita moja, na lilipobadilisha maisha ya kusini hakuna aliyelia. Sisi wa Kibiti barabara ile ndiyo soko letu. Machungwa, madafu, korosho, mikeka, vyote vinauzwa pale pembeni. Ndiyo njia ya watoto kwenda shule. Bibi yangu wa Bungu akitaka kwenda kwa jirani kuomba chumvi, lazima aivuke.

Sasa tuongelee hiyo 180, maana inanichekesha na kunisikitisha kwa wakati mmoja. Umewahi kujiuliza kwa nini dashibodi nyingi za magari yetu kutoka Japani zinaishia 180, wakati injini ina uwezo wa kwenda zaidi? Watengenezaji wa Japani walikubaliana wao kwa wao kuyafunga magari ya soko la nyumbani yasizidi kilomita 180 kwa saa. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2004, walikubaliana pia kutotangaza gari lenye nguvu inayozidi farasi 280. Hawakushindwa kutengeneza kubwa zaidi. Subaru Impreza WRX ya miaka ya 1990, yenye injini ya lita 2, pistoni zake zimelala mbili kushoto na mbili kulia, ina tabo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa zaidi. Ukiongeza msukumo wa hewa na mafuta, ukabadilisha kompyuta ya injini, farasi zinaongezeka bila kugusa chuma. Mafundi wetu wanajua hilo, na wanalifanya vizuri. Hiyo ni elimu, wala sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye oda za wateja. Mafundi wa Ilala wananiambia jambo lile lile kila nikiwauliza: wateja wanakuja wanataka mlio, wanataka spidi, wanataka rimu. Wa kuulizia breki ni wa kutafuta kwa tochi. Kuna wanaokata springi ili gari likae chini, kisha shokapu inabaki haina nafasi ya kufanya kazi, na tairi likikutana na shimo linarushwa juu. Gari la namna hiyo ukiliona kwenye picha ni kali. Kwenye lami iliyojaa viraka, halina mawasiliano na barabara.

Tupige hesabu kidogo, hata wenzangu wa sheria na fasihi mnisikilize, ni ya dakika moja. Chukua lami kavu, matairi mazuri, breki zinazofanya kazi, na dereva makini ambaye anahitaji sekunde moja tu kuona hatari na kukanyaga breki. Kwa mwendo wa 50, ambao ndio kibao kinasema ukiingia kwenye makazi, sekunde hiyo moja inakupeleka mita 14. Breki zinachukua mita nyingine 14 hivi. Jumla 28, gari limesimama. Sasa nenda 150. Sekunde ile ile inakula mita 42. Halafu breki, kwa sababu nishati inapanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, zinahitaji mita 124. Jumla mita 166. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105. Yaani mtoto akitokea nyuma ya Coasta iliyosimama kituoni Bungu, dereva wa 50 anasimama, na wa 150 anahitaji uwanja mzima na nusu ya uwanja mwingine. Mwendo umeongezeka mara tatu, umbali umeongezeka karibu mara sita. Hesabu hiyo haijali umeongeza farasi ngapi. Tena kadiri gari linavyokuwa na nguvu, ndivyo linavyofika 150 upesi kabla hujajua umefika.

Nadhani tatizo letu ni tafsiri ya neno "gari kali". Tumeichukua kutoka kwenye video za ughaibuni na kuibandika kwenye barabara ambazo hazihusiani nayo. Chukua Bugatti Veyron, iliyotoka mwaka 2005 ikiwa na farasi 1,001 na mwendo unaopita 400. Ikiwa kwenye mwendo wake wa juu kabisa, inamaliza tangi la lita 100 kwa kama dakika 12. Ni mashine ya ajabu, lakini hata Ulaya haina pa kukimbilia ila kwenye viwanja vya majaribio. Na Lamborghini, ambayo nusu ya mabweni yetu ina picha yake ukutani, ilianza na trekta. Ferruccio Lamborghini alianza kutengeneza matrekta mwaka 1948, magari ya spoti yakafuata mwaka 1963. Kwetu bonde la Rufiji, ambako mpunga bado unalimwa kwa jembe la mkono katika mashamba mengi, ukisema Lamborghini mzee atakayefurahi ni yule atakayedhani umemletea trekta.

Afrika Mashariki ina tafsiri yake ya gari kali, na ni ya zamani. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na katika miaka ya mwanzo njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vumbi, tope, mito iliyofurika, wanyama, makorongo. Magari yaliyoshinda yalikuwa yamechezewa, tena sana, ila yalichezewa kwa akili ya njia. Yaliinuliwa, yakafungwa bamba la chuma chini ya injini, yakawekwa vyuma vya mbele vya kujikinga na wanyama, bodi ikaongezewa nguvu kwenye maungio. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Pijo, gari ambalo babu zetu waliliita teksi! Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6, na aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Björn Waldegård ndani ya Porsche 911. Kwenye barabara ya lami ya Ujerumani, Porsche ile ingeiacha Lancer ikitafuta signali. Huku kwetu ilibidi isubiri. Hata Subaru mnayoipenda ilijijengea jina kwenye tope na vumbi: mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza iliyokuwa imekaa juu, haijalamba ardhi.

Na kama mtu anataka mfano wa nyumbani kabisa, delta yetu inao, na una miaka zaidi ya 100. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar. Ilikuwa meli yenye mwendo wa fundo 24 hivi, mizinga 10 mikubwa, ndiyo "gari kali" la Bahari ya Hindi kwa wakati ule. Ikapata hitilafu kwenye mitambo, ikaingia kujificha kwenye mikono ya Rufiji. Vifaa vya injini vikatolewa na kukokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, halafu vikarudishwa kwa jasho lile lile la wapagazi. Injini ikapona. Lakini meli haikutoka. Nje Waingereza walikuwa wameziba njia, na ndani maji ya delta yana masharti yake: yanajaa na kupwa, mchanga unahama, mkondo uliopitika jana leo ni kisiwa.

Waingereza nao manowari zao kubwa hazikuweza kuingia. Walichofanya ni kuleta meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya jeshi la majini la Brazili, kwa kazi za mitoni. Mwendo wao ulikuwa kama nusu ya Königsberg. Umbo lao lilikuwa kama boksi linaloelea. Ila zilihitaji maji yasiyofika mita 2, basi zikaingia pale ambapo wakubwa wameshindwa, zikisaidiwa na ndege zilizoonyesha shabaha. Tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wa Königsberg waliizamisha wenyewe baada ya kupigwa vibaya. Mizinga yake ikaopolewa, ikafungwa magurudumu na kuendelea na vita nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Kila nikisoma habari hiyo namfikiria mhandisi wa Königsberg akisikiliza injini yake nzima, kali, imetengenezwa, na haina pa kwenda.

Msije mkasema napinga mwendo wenyewe. Mwendo una kazi yake. Novemba 2020 polisi wa Italia waliichukua Lamborghini Huracán ya doria na kuiendesha kutoka Padova hadi Roma, karibu kilomita 500, kwa saa kama mbili, wakipeleka figo kwa mgonjwa aliyekuwa akisubiri kupandikizwa. Hilo ni gari kali kwa maana yoyote utakayotaka. Lilikuwa na sababu ya kukimbia, dereva aliyefunzwa, na barabara kuu yenye uzio.

Sasa linganisha na delta. Tunayo zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina yake kuliko mingine yote Afrika Mashariki. Ukitaka kwenda vijiji vya Maparoni au Kiongoroni, njia kuu ni maji. Mama akishikwa uchungu usiku na maji yamekupwa, boti haielei. Ni kusubiri. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na uchungu hausubiri saa sita. Nina shangazi yangu aliyejifungulia ndani ya mtumbwi, katikati ya mikoko, kwa sababu injini ya kupachika iligoma na waliokuwemo wakabaki kupiga kasia. Alipona, na mtoto alipona, namshukuru Mungu. Pale farasi 40 tu zinazowaka kwa uhakika, nyuma ya boti isiyodai maji mengi, zina maana kuliko farasi 400 zinazopita Kibiti mjini kwa ajili ya video ya sekunde 15. Barabarani tuna mwendo tusiouhitaji, na wenye kuuhitaji wako upande wa pili wa mikoko wanasubiri maji yajae.

Najua majibu yanayokuja, nimeyasikia kantini. La kwanza: "Mbona mabasi nayo yanakimbia, mbona bodaboda nao wanaua?" Sawa. Wanakosea, na basi lina kikomo chake cha 80 ambacho trafiki wanakisimamia kwa tochi na faini. Kosa la mwenzako halijawahi kuwa leseni yako. La pili: "Gari nimelilipia kodi, barabara ni ya wote." Ndiyo hoja yangu hasa. Barabara ni ya wote, pamoja na yule bibi anayekwenda kuomba chumvi, ambaye hana gari ila analipa kodi kwenye kila kilo ya sukari. La tatu ndilo lenye uzito: "Hatuna pa kukimbilia. Tukienda wapi?" Hili nalikubali. Nchi yetu ina vijana wengi wenye mapenzi ya magari na sehemu chache mno za kuyafanyia. Mtu akinyimwa uwanja wa mpira atacheza barabarani.

Kwa hiyo nisiishie kulalamika. Nina mambo matatu ninayoomba serikali yetu ya wanafunzi na wapenzi wa magari chuoni wayafanyie kazi.

Kwanza, misafara ya kusini iwe na kanuni, na kanuni ziandikwe na wenye magari wenyewe. Kila penye kibao cha 50, iwe 50, matuta na rasta ziwepo zisiwepo. Mwenye kurusha video ya dashibodi akiwa anaendesha, safari inayofuata asialikwe. Mkipita Bungu au Kibiti, simameni mnunue machungwa. Tunawapenda wageni, na Subaru yako ikiwa imezimwa pale pembeni ndipo watoto watakapoifaidi: wataizunguka, watauliza, na mmoja wao atalala akiota kuwa fundi.

Pili, tuombe siku ya majaribio kwenye eneo lililofungwa, kwa kibali, gari la wagonjwa likiwa tayari pembeni na polisi wakijua. Mbio za magari zenye utaratibu zipo nchini, zile za Iringa ni mfano, na huko gari haliruhusiwi kuondoka kabla halijakaguliwa, dereva lazima avae kofia ngumu, njia imefungwa. Chuo chenye wahandisi, madaktari na wanasheria kikishindwa kuandaa siku moja ya namna hiyo kwa mwaka, basi vyeti vyetu vina walakini. Na siku hiyo shindano la kwanza liwe la kusimama: gari gani, kutoka mwendo ule ule, linasimama kwa mita chache zaidi. Nawahakikishia, baada ya mwezi gereji zote zitakuwa zinaulizwa breki.

Tatu, nawageukia wenzangu wa uhandisi. Kila mwaka tunahangaika kutafuta mada za miradi ya mwisho, tunaishia kunakili za waliotutangulia. Akili ile ile inayojua kupima hewa na mafuta ya tabo inaweza kutupatia boti ya wagonjwa inayopita kwenye maji ya magotini, au injini ya kupachika isiyozimika ikinyonya tope. Mafundi wa Nyamisati wanaotengeneza mashine za boti kwa spea za kuokoteza ni wabunifu wa kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kukaa nao wiki moja na daftari. Mimi nimeshamwandikia mhadhiri wangu kuomba mradi wangu uwe huko. Natafuta wawili wa kuungana nami; boom likiingia, nauli ya Kibiti haitufilisi.

Mwezi ujao kuna wikiendi ndefu, na najua kuna msafara unapangwa. Sitawaomba muuahirishe. Nawaomba tu mkifika Bungu muondoe mguu kwenye mafuta, muache injini ikorome taratibu. Ni mlio mzuri, na hata bibi yangu, ambaye hajui Subaru wala Crown, atauskia vizuri zaidi akiwa amesimama salama upande wa pili wa barabara.